Kuku wa Mpui Walivyoilisha Programu Yangu

Wadogo zangu wa darasa la kompyuta la Kizwite, Jumamosi ile nilipowatembelea mlicheka mpaka mkashika mbavu niliposema nimestaafu. Ndiyo, nina miaka thelathini na saba, na meno yangu yote yapo. Lakini mtu aliyetengeneza programu moja, akaiuguza miaka kumi na mbili, kisha akaikabidhi kwa mwalimu wenu Dada Gaudensia ikiwa hai, huyo ana haki ya kuvuta kiti akaitwa mstaafu. Mke wangu anauliza ni mstaafu gani huyu anayeamka na ndoto mpya kila Jumatatu. Wiki hii naota mashine ya kukaushia dagaa kwa jua kule Wampembe. Ameniomba niote polepole.

Kilichonifanya nishike kalamu ni swali. Mmoja wenu, yule anayekaa karibu na dirisha, aliniuliza, "Kaka Deo, programu ukishaimaliza ukaiuza, kesho yake unakula nini?" Nikasingizia kwamba bodaboda ananisubiri nje. Hakukuwa na bodaboda yeyote. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani huku naona aibu, maana swali hilo ndilo lililobakiza kidogo tu lizime kazi yangu, na jibu lake ninalo. Nilishindwa tu kulisema kwa dakika mbili nikiwa nimesimama.

Basi leo nimekaa.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Programu yangu inaitwa Tone. Kuku wa kienyeji ana adui mmoja mkubwa, ugonjwa wa kideri. Ukiingia kijijini, wiki haijaisha mabanda yamenyamaza. Chanjo yake ni tone moja kwenye jicho la kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Ukisikia hivyo unasema kazi rahisi. Sasa subiri. Kichupa cha chanjo kikishafunguliwa hakikai, kwa hiyo unahitaji kuku wengi kwa pamoja. Na kuku wa Ufipa hana mwajiri. Ukishamfungulia alfajiri, kumkamata saa mbili ni riadha ya kijiji kizima. Ndiyo maana mchanjaji alikuwa anazunguka mara mbili: siku moja kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasifungue mabanda, siku ya pili kuchanja.

Mchanjaji wa Mpui alikuwa Mama Skola, mjane mwembamba mwenye sauti inayovuka bonde bila msaada wa simu. Nyonga yake ya kushoto iliumia alipoanguka na mzigo wa kuni, na mzunguko mmoja wa kijiji ulitosha kumfanya akandwe kwa maji ya moto. Mizunguko miwili ilikuwa adhabu. Tone ilimwondolea mmoja. Yeye anabonyeza jina la kitongoji kwenye simu yake, na saa kumi na mbili jioni kila nyumba inapata meseji: "Kesho asubuhi usifungue banda. Mchanjaji anakuja." Basi, imeisha. Hiyo ndiyo programu yangu yote. Niliijenga kwa elimu ya kidato cha nne, na matokeo yangu ya kidato cha nne naomba tuyaache hapo hapo yalipo.

Ufundi niliupata kwenye meza ya kutengeneza simu ya Mzee Ambokile, mtu wa Mbeya aliyehamia Sumbawanga na familia yake na sanduku la vifaa. Miwani yake ilikuwa na mguu mmoja, mguu wa pili ulikuwa uzi. Alikuwa akilehemu huku anaimba besi ya nyimbo za kanisani, na ukiona amenyamaza ujue simu ya mteja imeungua. Yeye ndiye aliyeniambia nisome mambo ya programu kwenye simu mbovu zilizoachwa na wenyewe, kwa sababu, alisema, hizo haziwezi kuharibika zaidi.

Nilipouza Tone kwa mara ya kwanza, Mama Skola alinilipa fedha taslimu na kuku mmoja juu yake kwa furaha. Nikarudi mjini kuku yuko kifuani ndani ya koti, nikamsimulia Mzee jinsi nilivyomwahidi mama wa watu.

"Nimemwambia, Mama, hii ni yako maisha. Ikiharibika hata baada ya miaka kumi, nipigie tu, nakuja."

Mzee Ambokile akaacha kuimba.

"Umeuza nini wewe?"

"Programu, Mzee."

"Programu umeitoa bure, bwana mdogo. Ulichouza ni miaka yako kumi." Akamtazama kuku. "Jike au jogoo?"

"Jike."

"Haya, angalau."

Nilicheka nikidhani ni utani wa wazee. Mimi niliona programu kama chungu: ukishakichoma kikatoka kizuri, kazi yako imekwisha, kinachobaki ni watu kukipikia. Haikupita muda simu za wachanjaji zikajisasisha zenyewe, na huo usasishaji ukaja na tabia mpya ya kuzima programu ili kuokoa chaji. Tone ikawa inalala saa kumi na mbili jioni, wakati ule ule inapotakiwa kuamka. Mimi sikujua. Nilijua Mama Skola aliponipigia asubuhi.

"Deo, kuku wote wapo kwenye maharage, na mimi nipo na kichupa kimefunguliwa mkononi. Hili tone nimwekee nani, mbuzi?"

Nikapanda bodaboda kwenda Mpui, nikarekebisha, nikalishwa, nikarudi na boga. Baadaye mtandao wa simu ukabadilisha njia ya kutuma meseji nyingi kwa pamoja. Nikaenda tena. Kisha bei ya bando ikapanda. Kisha simu za aina mpya zikaingia, zenye kioo kirefu, na kitufe cha kutuma kikawa kinajificha chini ambako kidole hakifiki. Mwaka mzima nilikuwa njiani, na nyumbani tulikula maboga mpaka mdogo wangu akaniomba nitengeneze programu ya watu wanaofuga ng'ombe.

Mzee Ambokile akanipa daftari. "Andika kila siku uliyofanya kazi ya hii programu yako. Kutengeneza andika mbele, kutunza andika nyuma." Kutengeneza kulichukua kurasa nne. Kutunza kulitoka nyuma kukaja mbele, kukazifikia zile nne, nikaanza kuandika kwenye jalada. Nawaomba na ninyi mwandike daftari la namna hiyo, hata kama hamna mteja hata mmoja. Usipoliandika utadhani unaishi kwa kutengeneza, kumbe siku zako zote zinaliwa na kutunza, na hujamwambia mtu yeyote kwamba kutunza nako ni kazi.

Wazazi wetu hapa juu wanalijua hilo vizuri kuliko sisi wa kompyuta. Mvua zikiwa zinakaribia kuisha, wanakata nyasi wanazifukia kwenye matuta ya duara, zioze humo, shamba la mwaka unaofuata lipate chakula. Siku unayofukia nyasi huvuni kitu. Mgongo unauma na mkononi huna hata hindi. Lakini hakuna mtu wa Ufipa anayeuliza kwa nini unafukia nyasi. Programu nayo inataka nyasi zake. Tatizo langu lilikuwa: nyasi nitazipata wapi?

Nilijaribu mengi, na mengine nikiyakumbuka nacheka peke yangu mpaka mke wangu anachungulia.

Kuna kipindi walikuja watu wa mradi, wana gari zuri, wana fulana zenye maandishi. Waliipenda Tone sana. Walilipa niiongezee rangi, picha ya kuku anayetembea, na ukurasa wa takwimu ambao mpaka leo sijui ulikuwa unamhesabia nani. Nikanunua viatu vya ngozi. Mradi ukaisha, wakanishika mkono, wakaondoka na fulana zao. Mwezi uliofuata kuku wa kwenye picha akagoma kutembea, akawa anafanya programu nzima igande. Nikawapigia. Wakasema kwa upole kabisa kwamba fungu lile lilikuwa la kujenga, na limeshafungwa. Siwalaumu, waliniuliza mwanzoni ninahitaji nini, na mimi nilisema viatu, ingawa kwa maneno mengine. Wadogo zangu, mtu akija na fedha ya kujenga, mshukuru, kisha kabla hamjashikana mikono mwambie: na ya miaka miwili baada ya ninyi kuondoka iandikwe hapa hapa. Akikataa, punguza kitu unachojenga. Yule kuku anayetembea hakuwa na ulazima.

Halafu nikaota matangazo. Nilimpata mwenye mgahawa wa supu hapa Kizwite, akakubali kulipia kila meseji ilimradi jina lake litangulie. Sikufikiri hata dakika moja. Jioni ile nyumba zote za Mpui zikapokea hivi: "Supu ya kuku wa kienyeji, nyama laini, karibu Kizwite! Kesho asubuhi usifungue banda. Mchanjaji anakuja."

Asubuhi babu mmoja alimkuta Mama Skola mlangoni akasimama mbele ya banda, mikono ameitanua kama golikipa. Hauzi, alisema, wala hajamtuma mtu kuuza.

Mama Skola alinipigia kabla hajatoka kwenye ule uwanja. "Deo, hawa kuku unawachanja au unawapeleka mchuzini?"

Nilimrudishia mwenye mgahawa fedha yake. Alicheka mpaka machozi, akanipa bakuli la supu bure, nami nikalinywa huku nimeinamisha kichwa.

La tatu halichekeshi. Mfanyabiashara mmoja wa kuku alikuja mezani kwa Mzee Ambokile akasema atanilipa vizuri, tena kila mwezi, nikimpa namba za simu za kaya zote na idadi ya kuku wao. Anataka tu kujua kuku wazima wako wapi, akanunue. Fedha aliyotaja ingetunza Tone na mimi na viatu vingine. Nilifungua mdomo kukubali. Mzee hakuinua hata macho kutoka kwenye simu aliyokuwa anailehemu.

"Zile namba walikupa ufanyie nini?"

"Niwatumie meseji ya chanjo."

"Umejibu."

Yule bwana akasubiri kidogo, akaondoka. Siku ile nilimkasirikia Mzee. Leo ningembeba mgongoni. Nyumba ikishakuamini mpaka inakuambia ina kuku wangapi, hiyo siyo mali yako ya kuuza, hata programu ikikufia mkononi.

Na ilitaka kufa kweli. Hapa ndipo lilipo jibu la swali la dirishani.

Nilikuwa nimesoma kwamba wenzetu wa mijini wanatoza ada ya mwaka. Anayetumia anachangia kidogo, kila mwaka, na mtengenezaji anatunza. Nikaona ni haki, na mpaka leo nasema ni haki. Mwaka unaanza Januari, kalenda ya simu inasema hivyo. Nikawaandikia wachanjaji na wafugaji wote meseji ya adabu, nikitaja ada, na kwamba mwisho ni siku ya mwisho ya Februari.

Walilipa wawili. Mmoja mwalimu, mwingine mtumishi wa serikali kutoka Mbeya aliyekuwa anafuga nyuma ya nyumba yake hapa mjini. Wengine wote kimya. Sikupata tusi wala lawama, wala mtu wa kusema "Deo, punguza." Niliuchukua ule ukimya kama jibu. Nikajiambia, hawaipendi. Miaka yote ile walikuwa wananionea huruma tu, ndiyo maana yale maboga.

Fedha ya kutuma meseji nilikuwa naitoa kwenye simu za watu nilizotengeneza, na ilikuwa imefika mwisho. Ndugu wa Mzee Ambokile alikuwa na duka la simu Mbeya, anatafuta fundi. Nikakubali kwenda. Niliamua Februari ikiisha naizima Tone, lakini Mama Skola sitamwambia kwa simu. Nitakwenda nimwambie usoni.

Ilikuwa mvua tupu. Bodaboda alinishusha kabla ya kufika, akasema pikipiki yake haijui kuogelea. Nilimkuta Mama Skola shambani anapalilia mahindi, ameupeleka mguu wa kushoto pembeni kama kitu alichoazima.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo, mjini hamli?"

"Tunakula, Mama. Nimekuja na neno."

"Neno lililopita kwenye matope yote haya siyo zuri. Twende ukae kwanza."

Alinipikia majani ya maboga, mengi, na ugali kidogo. "Mboga kula utakavyo," alisema, "ugali nimeubana, uniwie radhi." Nikala. Nilitazama ule ugali mdogo nikaumaliza, na bado sikuona kilichokuwa mbele yangu. Kisha nikamwambia kwamba Tone inazimwa, na mimi nahamia Mbeya.

Alisugua nyonga yake.

"Kwa hiyo narudi kuzunguka mara mbili."

"Ndiyo, Mama."

"Sitaweza, Deo. Sikutishi, nakuambia tu ujue. Mara moja naweza, najikongoja naweza. Mara mbili sitaweza. Chanjo ya hapa Mpui itaishia kwangu."

Nilijua maana yake. Kuku mle vijijini ndiye daftari la mtoto, ndiye sabuni, ndiye nauli ya mgonjwa. Lakini na mimi nilikuwa na kidonda changu, nikakitoa.

"Watu hawakulipa, Mama. Hata wewe."

"Ulidai lini?"

"Januari."

"Januari!" Akacheka kile kicheko chake kinachovuka bonde, kuku wakakimbia. "Wewe mama yako alikuwa analima nini?"

"Mahindi na ulezi."

"Ada yako ya shule alikuwa analipa mwezi gani?"

Mama yangu alikuwa analipa akishauza ulezi, mwezi wa saba, wa nane. Na kila Januari, wadogo zangu, kila Januari ya maisha yangu ya sekondari, nilikuwa nasimamishwa mbele ya mstari na wenzangu wasiolipa, tunarudishwa nyumbani. Mama akiniona natokea njiani na madaftari saa nne asubuhi, alikuwa anaingia ndani. Hakuwa na neno la kuniambia. Na mimi, mtoto wake, nimekua, nimepata simu, nimewafanyia mama zangu wote wa Mpui jambo lile lile, kwa meseji ya adabu.

"Tuliisoma wote," Mama Skola alisema, sasa taratibu. "Mtu akikudai kitu cha haki na wewe huna, unamjibu nini? Unanyamaza. Mimi nilikuwa nikiiona simu inawaka jina lako naigeuza kifudifudi."

Nikapangusa uso, nikamwambia basi, nitadai mwezi wa saba, watu wakishavuna.

"Na mpaka mwezi wa saba hizo meseji atatuma malaika?"

Tukakaa tunatazama uwanja, kuku wake wanachakura kwenye tope kana kwamba hakuna tatizo lolote duniani. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuona linaelekea wapi.

"Jumapili, wakati wa matoleo, mwezi kama huu, umeona mtu anapeleka gunia la mahindi altareni?"

"Hapana."

"Tunapeleka nini?"

Nilipaona kanisani kwetu, akina mama wamejipanga, wanakwenda mbele polepole, mikono miwili mbele ya kifua kwa tahadhari.

"Mayai," nikasema.

"Mungu anapokea yai Februari. Wewe ni nani ukatae?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza, wadogo zangu. Jumuiya yake ilikuwa inakutana Alhamisi, nyumba kwa zamu. Baada ya sala alisimama akawaeleza: meseji zinakatika, Deo anakwenda Mbeya, mimi mguu wangu mnaujua. Kila siku ya chanjo, kila nyumba itoe yai moja la Tone. Asiye na yai apite, zamu ijayo atatoa. Kuna aliyeuliza kwa nini Deo asije kula hayo mayai mwenyewe aache kusumbua watu. Wakacheka, wakakubali. Mama Skola angeyapanga kwenye kikapu chenye pumba za ulezi yasivunjike, ayauze kwa mwenye kibanda cha chai cha barabarani, na kunitumia fedha kwa simu.

Nilipomsimulia Mzee Ambokile, aliimba ubeti mzima kwanza. Kisha akasema ndugu yake wa Mbeya atatafuta fundi mwingine.

Angalieni lilivyokaa, maana hili ndilo ningependa mwondoke nalo. Ile ada yangu ilikuwa ya haki, lakini ilidai kitu ambacho mlipaji hana, mwezi ambao hana. Yai lipo Februari na lipo Agosti. Linatoka siku ile ile huduma inapofika mlangoni, mtu anaona analipia nini. Na kuku aliyekufa hatagi. Tone ikifanya kazi vibaya, mayai yanapungua, kwa hiyo nisingeweza kulala usingizi programu ikiwa mbovu. Sisemi na ninyi mkakusanye mayai. Ukitengeneza programu ya wavuvi wa Wampembe, kaa nao mpaka ujue wanashika fedha lini na hawashiki lini. Ya madereva, hivyo hivyo. Muulize mteja wako mwezi wake mbaya ni upi kabla hujamtajia bei.

Ile ada ya mwezi wa saba nayo nilikuja kuiweka, lakini kwa kazi nyingine. Matengenezo ya kawaida yalilipwa na mayai, kwa ajili ya wote. Mchanjaji akitaka kitu kipya, mathalani meseji ya bata, alisubiri mavuno akakilipia, na kikishakuwepo kikawa cha wote. Watu hawakugombana kwa sababu walijua lipi linatoka wapi. Watu wa vijiji vya jirani walisikia, wakaanza na wao, na wengine mwanzoni walinitumia mayai yenyewe kwa bodaboda. Hayo sitayaeleza. Mjue tu kwamba lile koti nililobebea kuku sikulivaa tena.

Lakini mzunguko wa kwanza wa mayai ndio ninaokumbuka. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Februari. Nilikuwa nimekesha siku tatu kwa wasiwasi tu, maana kazi yenyewe ya kuhakikisha Tone haitalala kwenye simu ya aina yoyote niliimaliza mchana. Jioni, kwa salio la mwisho nililobakiwa nalo, nikaona meseji zinatoka, moja moja, kitongoji chote. Asubuhi nilifika mezani mapema, nikaiweka simu katikati ya bisibisi, nikawa naitazama. Sikuogopa kukosa mayai. Niliogopa ile sauti ya kuku kwenye maharage, na mama yule akitembea kwenye tope na mguu wake, bure.

Saa mbili na nusu ikaita.

"Mama! Vipi, wamefungiwa?"

"Wote."

"Nyumba zote?"

"Zote, mwanangu. Nimemaliza." Nikasikia watu wanacheka nyuma yake, na bakuli likiwekwa mezani. "Jua halijawa kali na mimi nimeshakaa. Unasikia, Deo? Nimekaa kwa watu, nakunywa uji wa ulezi. Haya, wewe fanya kazi."